Kiko na Malio Yake: Habari za Ufundi wa Kiko cha Mti katika Nchi ya Arusha

Neno kiko, kama linavyotumika siku hizi, ni jina la kila chombo cha kuvutia tumbako, kiwe cha udongo, cha jiwe, ama cha mti. Lakini hapo kale katika pwani ya Unguja neno hili lilikuwa na maana nyembamba zaidi. Katika tofauti ya maana hizi mbili mna habari kubwa ya lugha na ya ufundi, nayo yafaa ijulikane na walimu na wachungaji wetu, hasa wale wenye kuwafundisha vijana kazi za mikono.

Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefanywa askofu mwaka 1874, aliyakusanya majina ya sehemu za chombo hiki katika kitabu chake cha lugha ya Unguja kilichotoka mwaka 1870. Sehemu ya juu itiwamo tumbako ni bori. Mwanzi ushukao kutoka katika bori mpaka penye maji ni digali. Chombo chenyewe cha maji, ambacho mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi, ndicho kiko hasa. Mwanzi utokao humo kwenda kinywani ni shilamu. Na mlio wa maji wakati moshi upitapo huitwa malio ya kiko.

Msomaji na aliangalie jina hili la mwisho. Katika majina matano, manne ni ya vitu vishikwavyo kwa mkono, na la tano ni la sauti. Kwa nini watu waliipa sauti jina lake, wakaihesabu pamoja na sehemu za chombo? Sababu ni kwamba kwa sauti hiyo chombo kilijulikana kuwa chema au kibaya. Maji yakizidi, hupanda katika shilamu na kumwingia mvutaji kinywani. Yakipungua, moshi haupiti majini, hufika ungali wa moto, wala chombo hakilii. Tena kifuu kikiwa na ufa, ama maungio ya digali yakivuja, pumzi hupita pembeni na malio hukatika. Kwa hiyo hata mtu aliyeketi upande wa pili wa baraza aliweza kutambua kama kiko kimefungwa sawasawa, bila kukishika wala kukitazama.

Majina haya hayakutulia mahali pamoja. Shilamu lafanana sana na neno chilam la Kihindi. Lakini huko Bara Hindi chilam ni kile kikombe cha juu kitiwacho tumbako, yaani bori letu, na kwetu shilamu ni mwanzi wa kinywani. Kiko nalo lilitoka katika kifuu cha maji, likaenea mpaka likawa jina la chombo kizima. Kisha, walipokuja watu wenye viko vifupi visivyo na maji, neno likakifuata na chombo hicho pia, ingawa lilikuwapo jina jingine, mtemba, ambalo wengi leo hawalijui. Tumbako yenyewe ni mgeni: asili yake ni Marekani, nayo ilifika katika bahari zetu baada ya Wareno kufungua njia zao katika karne ya 16.

Sasa twende bara, mpaka Mlima Meru. Kwa Wamaasai, ambao Waarusha ni ndugu zao kwa lugha, wazee wajulikana zaidi kwa ugoro na kwa tumbako ya kutafuna iliyochanganywa na magadi, kuliko kwa kiko. Walakini ulikuwa mji wa Arusha uliopeleka viko katika nchi za mbali. Katika bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na huko Sinya upande wetu, hupatikana jiwe jeupe jepesi ambalo Wajerumani huliita Meerschaum, maana yake povu la bahari. Jiwe hili hunywa unyevu wala haliungui, na kwa sababu hiyo limependwa tangu zamani na wachongaji wa viko. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilianza kulifanyia kazi mjini Arusha. Viko vilivyotengenezwa huko vilitiwa alama ya tembo pamoja na jina KIKO. Vingine vilikuwa vya jiwe tupu, vingine vilivikwa ngozi, na vingine vilikuwa vya mti, vyenye bitana ya jiwe ndani ya bori.

Hapa pana jambo la kushangaza kwa mtu apendaye lugha. Chombo kile kilikuwa na bori, na kilikuwa na digali. Lakini hakikuwa na kifuu, wala maji, wala malio. Yaani kilikosa kitu kile kile ambacho wazee wa Unguja walikiita kiko, na juu yake kiliandikwa KIKO.

Tukiacha jiwe na kuutazama mti, nchi ya Meru ina habari nyingine. Mti usifiwao kuliko yote kwa kazi hii huitwa na wataalamu Erica arborea. Mafundi wa Saint-Claude, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, wameutumia tangu katikati ya karne ya 19. Hawatumii shina, bali kifundo kikubwa kilicho kati ya shina na mizizi, kwa kuwa hakiungui upesi. Kifundo hicho hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa kikauke kwa miezi, hata miaka. Mti huo huo huota juu ya msitu katika Mlima Meru na Kilimanjaro. Lakini sehemu hizo zimo katika hifadhi, wala fundi hana ruhusa ya kukata. Mti bora huonekana kwa macho tu.

Basi na tumfikirie fundi aliye Sekei, upande wa kaskazini wa mji wa Arusha, kwenye miteremko ya chini ya Meru, atakaye kuchonga kiko. Aweza kupata kipande cha mpingo kilichobaki katika kazi ya vinyago. Mpingo ni mzito, mgumu, wenye kung'aa vizuri. Lakini bori la mpingo huwa zito kinywani na hushika moto mwingi, na lisipokauka barabara hupasuka. Aweza pia kupata mzeituni mwitu, ambao Wamaasai huutumia kufukizia vibuyu vya maziwa kwa ajili ya harufu yake njema. Huo ni mwepesi kuliko mpingo, na mistari yake hupendeza macho.

Fundi mwenye busara hutoboa kwanza, ndipo achonge. Tundu la bori, lenye upana wa milimita 20 hivi, hutobolewa kwa keekee. Kisha tundu jembamba la digali, la milimita 3 au 4, hutobolewa kutoka ubavuni mpaka likutane na bori chini kabisa, katikati. Hapa ndipo mafundi wengi wanaoanza hukosea, kwa sababu wameanza na umbo la nje, nalo laonekana na kila mtu. Tundu la ndani halionekani. Tundu likitokea juu ya sakafu ya bori, tumbako ya chini haiungui, hubaki imelowa. Baada ya kutoboa huja tezo, patasi na tupa, na mwisho msasa. Neno hili msasa nalo ni la ufundi wa kale: ni jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza, yaliyosugua mbao kabla ya karatasi za dukani kuja.

Kiko kikiisha, fundi hukitoa kitazamwe. Watazamaji husema, "Kizuri," kwa maana wameona mng'ao. Lakini wahenga walisema, asifuye mvua imemnyea, na katika jambo hili anyeshewaye ni mvutaji peke yake. Yeye hunena maneno ya namna nyingine: kwamba bori lachoma vidole, maana ukuta wake umechongwa mwembamba mno, kwamba kiko chainamisha kichwa mbele na kuyachosha meno, maana uzito umekaa bori, haukugawanywa, kwamba pumzi ni ngumu, maana tundu la digali ni jembamba au limepinda, kwamba rangi ya mafuta iliyopakwa yanuka, maana mti umezibwa usiweze kupumua. Na lawama iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba kiko chalia. Mahali ambapo kinywa na digali vimeungana vibaya hubaki nafasi, na unyevu wa moshi hukusanyika humo na kutoa mlio.

Malio yale yale yaliyokuwa sifa ya kiko cha maji yamekuwa aibu ya kiko cha mti. Sauti ni moja, hukumu ni mbili. Mtu atakayekihukumu kiko cha mti kwa sheria ya kiko cha maji atakisifu kilicho kibovu. Na mtu atakayekihukumu kiko cha maji kwa sheria ya mti atakilaumu kilicho chema. Kwa hiyo mtoa maoni yampasa kuuliza kwanza: chombo hiki ni cha namna gani, nacho kilikusudiwa kufanya nini?

Neno hili lawahusu walimu wa ufundi kila mahali, hata wasiopenda kiko. Wala sisemi haya ili vijana wafundishwe kuvuta. Madhara ya tumbako yamethibitishwa na waganga. Maji ya kiko huupoza moshi, wala hayauondolei sumu. Na katika Tanzania iko sheria ya mwaka 2003 ya kusimamia bidhaa hizi. Nanena juu ya namna ya kuitazama kazi ya mkono, iwe kiko, iwe mwiko, iwe kigoda. Mwanafunzi aambiwaye "vizuri" tu hajapewa kitu, na pengine amedhuriwa, kwa maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanafunzi aambiwaye "vibaya" tu naye hajapewa kitu. Apewaye kitu ni yule aonyeshwaye sehemu yenye kosa kwa jina lake: bori, digali, ukuta, ungio.

Na hapo ndipo ilipo hasara yetu. Maneno bori, digali, shilamu na malio yangali katika kamusi, lakini yametoweka katika vinywa vya vijana, nao hulazimika kusema "hiki" na "pale" wakinyosha kidole. Kosa lisilo na jina ni vigumu kulisahihisha. Yafaa basi kila mwalimu, popote alipo, awaulize wazee na mafundi wa mahali pake majina ya sehemu za vyombo vyao, ayaandike pamoja na kazi ya kila sehemu, kisha ayatumie karakanani siku ile ile atakapoisahihisha kazi ya mwanafunzi.