Kutoka Shinkolobwe hadi Skrini ya Gemu

Wanaosimulia historia ya gemu za kompyuta huanzia Marekani au Japani. Mimi naona ni haki kuanzia kilomita kama 20 kutoka mji wa Likasi huku Katanga, nchini Kongo, ndani ya eneo la Kambove, mahali paitwapo Shinkolobwe. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa akiitafutia kampuni ya Union Minière madini, alikuta hapo mawe ya manjano yaliyong'aa ambayo hayakuwa shaba. Shaba ilijulikana zamani huku. Wenyeji walikuwa wakichimba malakiti na kuyeyusha misalaba ya shaba tangu enzi za mababu, kabla George Grey hajafika Kambove mwaka 1899. Haya mawe mapya yalikuwa urani. Kampuni iliyachimba kwa ajili ya radiamu, dawa ya saratani iliyouzwa kwa bei ya kutisha. Urani yenyewe ilikuwa na kazi ndogo, kama kutia rangi vyombo vya udongo.

Vita vikageuza mambo. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha kiasi cha tani 1,200 za mawe hayo hadi New York, yakawekwa katika ghala la Staten Island. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipokwenda kumwuliza habari za urani, alikuta mzigo umekwisha kufika. Mawe bora ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, ilhali ya migodi ya Marekani hayakufikia hata asilimia moja. Wachimbaji Wakongo waliyachambua kwa mikono. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la atomiki ilitoka kwao.

Miongoni mwa waliounda bomu hilo kule Los Alamos alikuwapo mwanafizikia William Higinbotham, mkuu wa kundi la elektroniki. Vita vilipokwisha akawa mmoja wa waasisi wa shirikisho la wanasayansi waliotaka silaha hizo zidhibitiwe. Mwaka 1958 tunamkuta Brookhaven, maabara ya taifa katika Long Island. Kila mwaka maabara ilifungua milango kwa wananchi, nao waliishia kutazama picha ukutani na vifaa visivyoguswa. Higinbotham akataka wapate kitu cha kuchezea. Kompyuta ndogo ya analogi waliyokuwa nayo, Donner Model 30, ilikuja na kitabu kilichoeleza namna ya kukokotoa mwendo wa kombora, wa risasi na wa mpira unaodunda.

Akachagua mpira.

Mwenzake Robert Dvorak akaunganisha nyaya, na tarehe 18 Oktoba 1958 wageni wakapanga foleni. Skrini ilikuwa ya osiloskopu, kipenyo chake kama sentimita 13. Mstari mrefu ulikuwa uwanja, mstari mfupi wa wima ulikuwa wavu, na nukta ya mwanga ndiyo mpira. Mchezaji alishika kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha ili kuelekeza pigo na kingine cha kubonyeza ili kupiga. Raketi haikuonekana, pointi hazikuhesabiwa. Mwaka uliofuata waliongeza skrini kubwa zaidi na uwezo wa kucheza kwa mvutano wa Mwezi au wa Jupita. Kisha vifaa vikafumuliwa vikafanye kazi nyingine. Mchezo huo, Tennis for Two, ulisahaulika hadi miaka ya mwanzo ya 1980. Wapo wanaotaka kuona toba ya mtu wa bomu katika tenisi ile. Mimi sioni toba. Naona mtu aliyeudhiwa na uchovu wa wageni wake, akiwa karibu na mashine iliyoundwa kwa kazi nyingine.

Wengi waliomfuata walianza hivyohivyo, na jambo lililokuwa karibu. Steve Russell na wenzake wa MIT walitengeneza Spacewar! mwaka 1962 kwa sababu walikuwa wamelewa riwaya za anga. Shigeru Miyamoto aliyakumbuka mapango aliyoyapekua utotoni karibu na Kyoto, yakazaa The Legend of Zelda mwaka 1986. Dave Theurer wa Atari, akitengeneza Missile Command ya 1980, alikuwa akiota majinamizi ya miji ikiteketezwa kwa makombora ya nyuklia. Hofu ile ilikuwa imechimbwa huku kwetu.

Madini ya Kambove yalirudi kwenye gemu kwa njia nyingine, safari hii kobalti. Mwaka 1991 Sony iliingiza sokoni betri ya lithiamu yenye kobalti, na mwaka 2003 mashine ya gemu ya mkononi, Game Boy Advance SP, ikaachana na betri za kutupa. Septemba 2011 mbunifu wa gemu Paolo Pedercini alitoa Phone Story, gemu ya simu inayomlazimisha mchezaji kuwasimamia watoto wachimbaji wa koltani nchini Kongo. Apple iliiondoa dukani kwake ndani ya siku chache. Koltani ni ya Kivu zaidi kuliko Katanga, lakini kwa mara hiyo mchimbaji alionekana.

Afrika Mashariki ilikuwa imeshaanza kutengeneza gemu zake. Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya msichana anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika. Kisa cha Lual Mayen kinanigusa zaidi. Alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta na kuitamani, mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300. Kuichaji kulimaanisha kutembea saa tatu. Kutokana na maisha hayo alibuni Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayehitaji maji na chakula ili aendelee kukimbia. Mwaka 2018 The Game Awards ikamtunukia.

Siku hizi Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu, inafanya kazi hata kwenye simu ya Android, kwa hiyo kijana wa Kambove anaweza kuanza bila laptopu. Kuchaji ndiko kunakobaki kizungumkuti: Katanga migodi inakula umeme, mitaa inakula delestaje, yaani kukatiwa umeme.