Una siku moja tu mjini? Namna ya kuchagua makumbusho ya sanaa na kufika kwa wakati

Wasikilizaji wetu wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita huenda Mwanza kwa shida zao: hospitali, bidhaa za duka, vipuri vya mashine. Wanarudi jioni wakiwa wameona stendi, soko na foleni. Hivi karibuni mmekuwa mkituuliza: ukiwa na siku moja, na watoto au kikundi chenu cha kijamii, mnaweza kuona wapi kazi za sanaa na historia yetu? Tumeandika maelezo haya ili uyasome kwenye simu kabla ya kupanda gari.

Kanuni ya kwanza: chagua sehemu moja

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokwenda Mwanza na kikundi cha wasikilizaji, tulitaka kuona kila kitu. Tulianza mjini, tukapiga picha ufukweni kwenye Jiwe la Bismarck, tukala samaki, tukazunguka sokoni. Tulipofika makumbusho tulibakiwa na dakika 40 tu. Mzee mmoja wa Kishapu alisimama mbele ya ramani ya tawala za zamani za Kisukuma, akaanza kumwonyesha mjukuu wake utemi waliotoka. Mjukuu alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo. Kabla hadithi haijafika katikati, dereva akapiga honi.

Tangu siku hiyo tunashauri hivi: makumbusho kwanza, mji baadaye.

Kwa nini Bujora

Kwa mtu wa kanda yetu, chaguo la kwanza ni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu na Kisesa. Yapo chini kidogo ya kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara ya Musoma. Yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada, aliyeanza kazi hapo miaka ya 1950 akishirikiana na wazee wa Kisukuma. Wenyeji walimwita Fumbuka.

Usitegemee kukuta ukuta mrefu wa picha za kuchora. Hapa sanaa ni ngoma za watemi, viti vya enzi, mavazi na zana za wacheza ngoma. Jengo la mambo ya kitemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ramani tuliyoitaja imo humo. Kuna nyumba ya asili, nyumba ya mganga na zana zake, sehemu ya mhunzi na ghala la nafaka. Kanisa la hapo nalo ni la mduara, mfano wa nyumba ya Kisukuma.

Mambo mawili usiyapite haraka. La kwanza ni maelezo ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu. Ukiona wacheza ngoma wanavutana kupata watazamaji kijijini kwenu, asili yake ipo hapo. La pili ni chombo kinachozunguka kinachoonyesha namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na maneno yake, ili wengine wasielewe. Watoto hulipenda sana hili.

Umuhimu wake ni huu: mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, muda mfupi baada ya Uhuru. Mtu aliyekuwa na umri wa kuelewa mambo wakati ule sasa ni mzee sana. Ukiweza, nenda naye.

Kufika kutoka Shinyanga

Shinyanga hadi Mwanza ni kama kilomita 160. Panda basi la alfajiri. Ukishuka Mwanza, uliza daladala ya Kisesa. Kama hakuna ya moja kwa moja, konda atakuelekeza pa kubadilisha. Kutoka Kisesa hadi Bujora si mbali: chukua bodaboda, au tembea kama mna nguvu.

Kama mmekodi Noah au Coaster, msiingie mjini. Mkifika Usagara, kata kulia kufuata barabara ya mchepuo inayotokea Kisesa. Mnakwepa foleni yote ya mjini.

Kufika kutoka Geita

Zamani safari hii ilitegemea kivuko, na foleni yake ingeweza kula asubuhi nzima. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, linapitika. Ukitoka Geita unapita Sengerema, unavuka, unafika Usagara, kisha unafuata njia ileile ya mchepuo.

Ratiba tunayopendekeza

Ondoka saa 12 asubuhi. Fika Bujora kabla ya saa 5. Kaa saa mbili kamili, na mwombe mwongozaji, kwa sababu vitu vingi havijielezi vyenyewe. Kula Kisesa. Kama muda upo, rudi mjini kupitia Igoma, yalipo makaburi na mnara wa kumbukumbu ya waliokufa katika ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996. Ifikapo saa 9 alasiri uwe umeelekea stendi.

Ukipenda kuona ngoma zenyewe zikichezwa, lenga sikukuu ya Bulabo, ambayo kwa kawaida hufanyika Juni. Siku hizo kuna watu wengi, hivyo shika mikono ya watoto.

Ukijikuta Dar es Salaam

Wengine hufika Dar kwa matibabu au mzigo na kubakiwa na nusu siku. Hapo pia chagua moja tu. Ukiwa na watoto, nenda Kijiji cha Makumbusho, karibu na stendi ya daladala ya Makumbusho. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali. Ukiwa Posta, Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert. Anayependa picha za rangi aende Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, wanaoendeleza mtindo wa Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972. Nafasi Art Space, iliyopo Mikocheni tangu 2008, ina wasanii unaoweza kuwakuta wakiwa kazini.

Kabla hujaondoka

Piga simu kuuliza siku, saa na kiingilio. Beba kitambulisho, kwa sababu mara nyingi Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Chaji simu usiku, maana jambo la maana zaidi la kurekodi siku hiyo ni sauti ya mzee wako akieleza anachokiona.