Kodi ya Zimamoto: Pale 66 Hushindwa na 34

UZI 🧵

1/ Kila soko likiungua tunauliza swali moja: gari la zimamoto lilikuwa wapi? Halafu kwenye mjadala hakosi mtu wa kusema, "Kodi ya ardhi wananchi waipigie kura wenyewe!" Wazo si baya. Kuna mahali limejaribiwa: California, Marekani. Twende polepole.

2/ Miaka ya 1970 bei ya nyumba California ilipanda kwa kasi, na kodi ikafuata bei. Mzee wa pensheni yuko kwa nyumba ileile, mapato yaleyale, lakini kila nyumba ikithaminiwa upya bili inaongezeka. Watu wakachoka.

3/ Juni 6, 1978 wakapiga kura. Pendekezo la 13 likapita kwa karibu asilimia 65. Kodi ya mali isizidi asilimia 1 ya thamani. Thamani irudi ilivyokuwa 1975, na isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali iuzwe.

4/ Mzee akapumua. Shida ni kwamba kodi hiyo ndiyo ilikuwa ikilipia shule, maktaba na wazimamoto. Mapato yake yalishuka kwa zaidi ya nusu. Serikali ya jimbo ikatoa akiba yake kuziba pengo, na usemi juu ya pesa za mashinani ukahamia huko juu.

5/ Sasa sikizeni hii. Sheria hiyohiyo ilisema mji, au mamlaka ya zimamoto ya eneo, ikitaka kodi maalum lazima ipate theluthi mbili ya kura. Watu 100 wakipiga kura, 66 waseme ndiyo na 34 waseme la, hoja imeanguka.

6/ Rudi tweet ya 3. Pendekezo lenyewe lilipata karibu asilimia 65. Kwa kipimo lilichowawekea wengine, lenyewe lingeanguka!

7/ Na kwa kuwa kodi ya thamani ina kikomo, mara nyingi zimamoto huomba kiasi kimoja kwa kila kiwanja. Mwenye kanyumba na mwenye jumba la kifahari wanalipa sawa.

8/ Tuwe wa haki: wanaotetea theluthi mbili wana hoja. Kodi ikishapita inalipwa hata na aliyeikataa, kwa hivyo wanataka wengi wa kweli, si wachache waliojitokeza siku ya kura.

9/ Kwetu je? Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya zimamoto na uwezo wa kutoza kodi ya ardhi. Hakuna kura. Wewe unatoa maoni, wawakilishi wadi wanapitisha mswada wa fedha. Na bado Nairobi ilikaa takriban miaka 40 ikitoza kwa thamani ya ardhi ya 1980. California waligandisha thamani kwa kura. Sisi tuligandisha kwa kunyamaza tu.

10/ Kwa hivyo mtu akikuambia "wananchi waamue", usipige makofi bado. Muulize: kura ngapi zinatosha? Zisipotosha, nani anaziba pengo? Na pesa zikipatikana, zitafika kwa gari na maji, ama zitaishia ofisini?

Moto hausubiri theluthi mbili.