Kuta za Likasi: Kutoka Udongo na Chokaa hadi Rangi

Ukuta wa ndani wa nyumba ya zamani mjini Likasi, katika Katanga nchini Kongo, ni nadra kuwa na tabaka moja. Fundi anayeukwaruza ili aupake upya hukuta kwanza rangi ya maji, chini yake rangi ya mafuta, kisha chokaa iliyorudiwa mara nyingi hadi ikaota magamba, kisha lipu, na mwisho tofali. Kila tabaka lilipakwa kwa sababu yake, na asiyeijua sababu hiyo huharibu lile analopaka juu.

Hapa, katika nchi ya Wasanga, kabla ya migodi ya kampuni, ukuta ulikuwa kiambaza: fito zilizofungwa kwa kamba, zikakandikwa udongo, kisha zikasilibwa kwa mkono. Udongo mweupe ulijulikana pia. Waluba huuita pemba, nao una heshima yake katika mila. Reli kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilipofika Kambove, jirani na Likasi, mwaka 1913, vibarua walimiminika, na wengi walilala katika vibanda vya udongo vilivyojengwa haraka. Udongo ukikauka hupasuka, na ndani ya nyufa hukaa papasi, kupe mdogo anayetoka usiku kunyonya damu. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, mmoja wa waliothibitisha kuwa papasi ndiye anayeeneza homa ya vipindi, alikufa kwa homa hiyohiyo huko Kasongo mwaka 1905. Tangu hapo ukuta laini usio na ufa haukuwa pambo tu. Ulikuwa kinga ya aliyelala chini yake.

Tofali lilipatikana kirahisi. Nyanda za Katanga zimejaa vichuguu vikubwa, na udongo ambao mchwa ameupandisha kutoka chini ni laini, hauna mawe, unafyatulika na kuchomeka vizuri. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao badala ya kuajiri vibarua wa miezi michache. Dakta Léopold Mottoulle alikuwa mtetezi mkubwa wa siasa hiyo. Kambi za matofali zikaenea karibu na viwanda vya Panda na Shituru, na mwaka 1931 mji ukapewa jina la Jadotville, jina lililodumu hadi 1966. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na usafi wa ukuta ulikuwa amri ya kampuni pia. Huo ni ukweli wa kukumbukwa: weupe wa kuta hizo ulilinda afya, lakini mpangaji hakuulizwa.

Chokaa yenyewe haikutoka mbali. Kakontwe, pembeni mwa mji, kuna mwamba wa chokaa maarufu kiasi kwamba wanajiolojia hutumia jina hilo kwa tabaka zima la miamba katika ukanda wa shaba. Watu wa pwani huchoma matumbawe; Likasi ilichoma jiwe. Jiwe likifikishwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi hupoteza hewa ya kaboni, likimwagiwa maji huchemka na kumomonyoka kuwa unga au uji, na uji huo ukipakwa hurudisha hewa ileile na kuwa jiwe tena. Chokaa haizuii ukuta kupumua, na ukali wake huua vijidudu. Kasoro yake ni kwamba huchafua nguo ya anayeegemea.

Ndiyo sababu sehemu ya chini ya ukuta, hasa shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za wakubwa, ilipakwa rangi ya mafuta inayosafishika. Rangi za zamani za mafuta mara nyingi zilikuwa na risasi. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi wa mwaka 1921 ulizuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani, lakini uliruhusu kuachwa nje viwanda na vituo vya reli, na Likasi ulikuwa mji wa viwanda na reli.

Karatasi za kubandika ukutani hazifai nchi ya mchwa, kwa kuwa mchwa hula karatasi na gundi ya unga pamoja. Hata hivyo, mahali pengi Afrika Mashariki na Kongo, wenye kuta za udongo walibandika kurasa za magazeti kwa uji. Katika miaka ya 1970, sebule za Katanga zilipambwa kwa picha za wachoraji wa mitaani, ile ya mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ikiwa miongoni mwa zilizopendwa zaidi.

Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufikisha 50,000. Ukarabati wa nyumba ukawaangukia wakaaji wenyewe, na rangi mpya ikapakwa juu ya chochote kilichokuwepo.

Hapo ndipo kosa hutokea. Ukuta ukiacha vumbi jeupe kidoleni, au tone la ndimu likitoa povu juu yake, hiyo ni chokaa. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya chokaa ambayo bado ina ukali, mafuta hugeuka aina ya sabuni na rangi hubanduka vipande vipande. Chokaa iliyolegea hukwaruzwa hadi lipu ngumu. Gundi ya karatasi huoshwa kwa maji ya moto. Nyufa hupanuliwa kidogo, hulowanishwa, kisha huzibwa kwa chokaa na mchanga, kwa sababu saruji tupu ni ngumu kuliko tofali la kichuguu na hujitenga nalo. Chumvi inayochanua ukutani hupigwa brashi kavu, maana maji huirudisha ndani. Kazi hii ni ya kiangazi, kuanzia Mei, baada ya ukuta kupata wiki kadhaa za kukauka kutokana na mvua za masika.

Rangi ya zamani ya mafuta isipigwe msasa ikiwa kavu. Ilowanishwe, ikwaruzwe polepole, magamba yakusanywe yote, na watoto wakae mbali hadi chumba kioshwe, kwa kuwa vumbi la risasi huwadhuru wao kuliko mtu mwingine yeyote.