Petroli ya Virunga na hisa za kanisa: faida ina mipaka gani?

Uwekezaji endelevu ni kuweka franga mahali zitaleta faida bila kuharibu maisha ya watu wala mazingira. Jambo hilo liligusa hata wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edouard, ndani ya Parki ya Taifa ya Virunga.

Parki hiyo iliundwa mwaka 1925, na tangu 1979 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwaka 2010 kampuni ya Uingereza, SOCO International, ilipata ruhusa ya kutafuta petroli katika Bloki 5, yenye kuingia ndani ya parki na ziwa. Wenye kuunga mkono walisema petroli italeta kazi na barabara. Wenye kukataa walijibu kwamba ziwa likichafuka, mvuvi atakosa samaki na jamaa yake chakula.

Kanisa la Anglikana la Uingereza lilikuwa na hisa, ao aksiyo, za pauni milioni 1.6 hivi katika SOCO. Mwenye hisa anagawiwa faida, lakini pia ana haki ya kuuliza na kupiga kura katika mkutano wa kampuni. Kwa hiyo kanisa halikuuza mara moja. Lilizungumza kwanza na wakubwa wa SOCO na kuomba uchunguzi huru juu ya madai ya rushwa na vitisho, ambayo kampuni iliyakana. Halikuridhika. Julai 2015 likauza hisa zake na kutangaza sababu hadharani.

Kila njia ina bei yake. Mwenye kubaki anaweza kusukuma kampuni, lakini anaendelea kula faida yake. Mwenye kutoka anapoteza kura, na hisa zake zinaweza kununuliwa na mtu asiyejali.

Tena, kukataa petroli peke yake hakumpi kijana kazi. Huko Matebe, Rutshuru, parki ilijenga mitambo ya umeme wa maji ya megawati 13 hivi. Wateja wanalipia umeme, na makuta hayo yanasaidia kuendesha kazi.

Mwekezaji akifika, wakaaji wana haki ya kumuuliza mapema: faida itaingia mfuko gani, na hasara itabaki kwa nani?