Mini: gari dogo la Uingereza na warithi wake

Mini ni gari dogo la abiria wanne lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1959 hadi 2000, kwanza na kampuni ya British Motor Corporation (BMC), kisha na kampuni zilizoirithi. Yalitoka magari 5,387,862, na hakuna modeli nyingine ya Uingereza iliyowahi kufikia idadi hiyo. Mwaka 1999 jopo la kimataifa lililochagua Gari la Karne liliipa nafasi ya pili, nyuma ya Ford Model T. Tangu 2001 jina hilo, likiandikwa sasa kwa herufi kubwa tupu, linatumiwa na BMW ya Ujerumani kwa magari mapya yanayolishinda la zamani karibu kwa kila kipimo: mwendo, breki, usalama, utulivu, hata kuwaka asubuhi ya baridi. Hata hivyo la zamani halijatupwa. Watu hulitafuta, hulifufua na hulilipia fedha ambazo zingetosha kununua gari jipya lenye kiyoyozi. Wengi hutaja kumbukumbu za ujana kuwa ndiyo sababu, lakini kumbukumbu zinaeleza sehemu ndogo tu. Sababu nzito imo ndani ya bati lenyewe: Mini ilibuniwa kujibu swali gumu, na jibu lake linaonekana kwa macho. Warithi wake walichukua sura ya jibu hilo huku wakiulizwa swali jingine kabisa.

Chanzo

Julai 1956 Misri chini ya Gamal Abdel Nasser ilitaifisha Mfereji wa Suez. Vita vilivyofuata vikaufunga mfereji, na petroli ikaadimika Ulaya. Uingereza iligawa mafuta kwa mgao kuanzia Desemba 1956 hadi Mei 1957. Vigari vya Kijerumani vyenye injini ya pikipiki vikaanza kununuliwa kwa wingi, na Leonard Lord, mkuu wa BMC, hakuvipenda hata kidogo. Alimpa Alec Issigonis kazi ya kubuni gari dogo la kweli. Issigonis alizaliwa 1906 Smyrna, mji ambao leo ni Izmir wa Uturuki, na alikwisha kujipatia jina kwa Morris Minor ya 1948.

Masharti aliyopewa yanafaa kukumbukwa, kwa kuwa mengine yote yametokana nayo. Gari lisizidi urefu wa futi 10, yaani mita 3.05. Katika futi hizo, 6 ziwe za abiria. Na injini iwe mojawapo ya zile zilizokuwa tayari zinatengenezwa kiwandani, kwa sababu hapakuwa na fedha wala muda wa kuunda mpya. Gari lilizinduliwa tarehe 26 Agosti 1959 kwa majina mawili, Austin Seven na Morris Mini-Minor, kwa bei isiyofika pauni 500 pamoja na kodi.

Muundo

Injini iliyochaguliwa ilikuwa ya familia ya A-series, cc 848, nguvu za farasi 34. Ingewekwa kama ilivyokuwa desturi, kuelekea mbele na nyuma huku giaboksi ikifuata nyuma yake, ingekula nusu ya futi 10. Issigonis aliikingamisha, na kwa kuwa hata hapo giaboksi ilikosa nafasi ubavuni, akaishusha chini ya injini, vyote viwili vikaoga oili moja. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta, kwa hiyo hapakuwa na shafti ndefu ya kupita katikati ya sakafu wala nundu ya kuifunika. Matairi ya kawaida ya wakati huo yangeingilia miguu ya abiria, hivyo Dunlop ikatengeneza mapya ya inchi 10. Springi za chuma nazo zilitaka nafasi. Alex Moulton akaleta koni za mpira, ambazo hukaa mahali padogo na hukaza kadiri mzigo unavyoongezeka. Matokeo yake ni kwamba karibu asilimia 80 ya sakafu ya gari ilibaki kwa watu na mizigo, katika kitu kifupi kuliko Toyota Vitz ya kwanza kwa zaidi ya nusu mita.

Ubahili huo ulienea hadi kwenye vitu vidogo. Mishono ya bati iliachwa nje ya bodi kwa sababu ilikuwa rahisi kuichomelea hapo. Bawaba za milango zilikaa nje pia. Vioo vya madirisha havikuteremka, viliteleza mbele na nyuma, na kwa kuwa mlango haukuhitaji mashine ya kuteremshia kioo, ndani yake pakapatikana mfuko mpana wa kuwekea vitu. Mlango ulifunguliwa kwa kuvuta uzi. Mfuniko wa buti ulifunguka kwa kulala chini ili ubebe mzigo uliozidi, na kibao cha namba kilining'inia kwa bawaba yake kiendelee kusomeka. Spidomita ilikuwa moja tu, ya duara, katikati ya dashibodi, ili gari la usukani wa kulia na la usukani wa kushoto yatumie dashibodi ileile. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichowekwa kwa ajili ya urembo. Mtu asiyejua lolote kuhusu magari anaweza kusimama kando ya Mini na, sehemu kwa sehemu, akakisia kwa usahihi kwa nini imekuwa hivyo. Bidhaa zinazomruhusu mtumiaji kuzielewa kiasi hicho ni chache, na hapo ndipo mvuto wake ulipoanzia.

Hata wepesi wake wa kukata kona, unaosifiwa kupita sifa zote nyingine, haukutafutwa kwa makusudi. Magurudumu yalisukumwa hadi pembe za mwisho za gari ili yasichukue nafasi ya abiria. Gari lenye magurudumu pembeni kabisa, uzito wa kilo zipatazo 600 na koni ngumu za mpira haliinami kwenye kona. Linageuka pale pale dereva anapogusa usukani.

Kasoro zilikuwepo, na si ndogo. Magari ya mwanzo yaliingiza maji sakafuni. Distribyuta ilikaa nyuma tu ya grili, ikilowa mvua inaponyesha na kuzima injini barabarani. Kutu ilipenda fremu ya nyuma kuliko mahali pengine popote. Na kampuni haikufaidi ipasavyo. Ford ya Uingereza ilinunua Mini moja, ikaifungua kipande kwa kipande na kukadiria kwamba BMC inapoteza takriban pauni 30 kwa kila gari. BMC ilikana, ila historia yake ya baadaye haikuonyesha dalili za kampuni iliyotajirika.

Mashindano na umaarufu

John Cooper, mjenzi wa magari ya mbio, ndiye aliyeshawishi itolewe Mini Cooper ya 1961. Zilishinda Monte Carlo Rally 1964 zikiendeshwa na Paddy Hopkirk, 1965 na Timo Mäkinen na 1967 na Rauno Aaltonen. Mwaka 1966 zilifika mbele zikaondolewa kwa kosa la taa, uamuzi unaolalamikiwa mpaka leo. Mwigizaji Peter Sellers na wanamuziki wote wanne wa Beatles waliwahi kumiliki Mini. Filamu ya The Italian Job ya 1969 ilikamilisha yaliyobaki.

Warithi

Mrithi wa kwanza alikuwa Metro ya 1980, gari la heshima ambalo hakuna anayelililia. Ilikusudiwa kuiondoa Mini sokoni, ikaondoka yenyewe kabla ya Mini, mwishoni mwa miaka ya 1990. BMW iliinunua Rover, mmiliki wa jina la Mini wakati huo, mwaka 1994, ikaiuza 2000 na kubaki na Mini pamoja na kiwanda cha Cowley, Oxford. MINI yake ya kwanza, iliyochorwa na Frank Stephenson, ilianza kuuzwa 2001: urefu zaidi ya mita 3.6, uzito zaidi ya kilo 1,100, injini ya lita 1.6 kutoka Brazil. Ni gari lililotengenezwa vizuri, na biashara yake imefanikiwa kuliko ile ya BMC. Matoleo yaliyofuata yamezidi kunenepa. Countryman ya sasa, inayotengenezwa Leipzig, ina urefu wa takriban mita 4.44.

Spidomita ya katikati ndiyo inayoonyesha tofauti waziwazi. Kwenye gari la 1959 ilikuwa njia ya kuokoa fedha za dashibodi ya pili. Mwaka 2001 ilirudishwa ikiwa kubwa kama sahani, ingawa BMW haikuwa na shida ya dashibodi. Katika matoleo ya kuanzia 2024 mahali hapo pana skrini ya duara yenye upana wa sentimita 24, inayoendesha muziki, ramani na hata hali ya hewa ndani ya gari. Duara limebaki, sababu yake imeondoka. Kuanzia 2018 taa za nyuma nazo zilichorwa kwa mfano wa bendera ya Uingereza, jambo ambalo gari la zamani la kiwanda cha Longbridge, Birmingham, halikuwahi kulihitaji ili lijulikane limetoka wapi.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la sheria. Husemwa kwamba gari la leo haliwezi kuwa na mita tatu kwa sababu lazima liwe na mifuko ya hewa, milango minene na pua ndefu ya kupondeka kabla ya abiria. Hoja ya usalama yenyewe haina ubishi. Rover 100, ambayo ni ileile Metro kwa jina jipya, ilipimwa na Euro NCAP, shirika la Ulaya la kupima usalama wa magari, mwaka 1997 ikaambulia nyota moja, na Mini iliitangulia kwa miaka 21. Hakuna mwenye akili timamu atakayechagua kugongwa akiwa ndani yake. Ila usalama hauelezi ukubwa wote. Toyota iQ ya 2008 ilikuwa na urefu usiofika mita 3, ikakaza viti vinne ndani, na 2009 ikapata nyota tano katika vipimo vya Euro NCAP. Futi 10 za Issigonis ziliwezekana, basi, hata katika karne hii, kwa mhandisi aliyelazimishwa kuzitumia. Mita 4.44 za Countryman ni uamuzi wa soko: gari kubwa lina faida kubwa zaidi kwa muuzaji, na mnunuzi hupenda kukaa juu.

Pingamizi la pili ni lile la kumbukumbu. Waingereza, husemwa, wanapenda gari walilojifunzia kuendesha. Kama hiyo ingekuwa sababu ya kutosha, wangezipenda vilevile Morris Marina na Austin Allegro, zilizouzwa kwa mamia ya maelfu katika miaka ya 1970 na zikajaa kumbukumbu za familia nyingi. Leo hizo ni mada za mzaha. Halafu kuna Japan. Katika miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya Mini, na mahitaji yake yalisaidia kuliweka gari sokoni wakati mauzo ya nyumbani yalikuwa yamedorora. Mjapani aliyeinunua hakuwa amelelewa katika vitongoji vya Birmingham. Aliona kitu kidogo, chepesi, kilichofikiriwa hadi mwisho, na nchi inayotengeneza magari madogo bora duniani ilijua inachokitazama.

La tatu ndilo zito. Wapinzani husema tunaziona Mini zilizobaki, zilizopakwa rangi upya na kuendeshwa Jumapili, tukasahau zile zilizoliwa na kutu. Ni kweli, na sifa nyingi za wapenzi wa Mini zingepungua wangeitegemea kwenda kazini kila siku ya masika. Lakini hoja hiyo haijibu kwa nini hii ndiyo iliyookolewa. Jibu liko katika wepesi wa kuifufua. Injini za A-series zilitengenezwa tangu 1951 hadi 2000, zikatumika katika Morris Minor, Austin A35, MG Midget na nyinginezo, kwa hiyo spea hazikukatika na fundi wa kawaida anazifahamu. Kampuni ya British Motor Heritage ya Witney, karibu na Oxford, bado hutengeneza bodi mpya nzima kwa mitambo ya asili. Gari ambalo mmiliki anaweza kulielewa kwa macho ni gari ambalo anaweza kulitengeneza, na linalotengenezeka haliendi jalalani.

Magari mengine ya aina hii

Morris Minor (1948–1971) lilikuwa gari la kwanza la Uingereza kuvuka mauzo ya milioni moja. Hillman Imp ya 1963, yenye injini nyuma, lilikuwa gari zuri lililozinduliwa kabla halijaiva.

Afrika Mashariki

Mini ilikaa chini mno kwa barabara za vumbi na makorongo, na nafasi yake ilichukuliwa na Volkswagen na Peugeot. Katika onyesho la Concours d'Elegance la Nairobi magari ya zamani ya Uingereza huonekana.

Hali ya sasa

Mini ya mwisho ilitoka Longbridge tarehe 4 Oktoba 2000. Kwa sheria za Uingereza, gari lililotimiza miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka, mradi lisiwe limebadilishwa mno. Baadhi ya wamiliki wameanza kuondoa injini na kuweka mota ya umeme. Cooper mpya ya umeme ya BMW ilianza kutengenezwa China, kwa ubia na kampuni ya Great Wall.