Kilwa Kisiwani: Majina na Mawe

Mgeni aendaye Kilwa Kisiwani hupata kibali Kilwa Masoko, kisha huvuka mlango wa bahari kwa mashua. Jengo limpokealo ufukweni ni Gereza, na hapo ndipo wengi hupotoka: hudhani wameanza mwanzo, kumbe wameanza karibu na mwisho. Neno hilo latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505, baada ya kuuteka na kuupora mji, wakaiacha mwaka 1512. Sehemu kubwa ya jengo lionekanalo sasa ni kazi ya Waomani, ya yapata mwaka 1800. Basi atafutaye mji wa kale na alipite kwanza, atalirudia.

Aende moja kwa moja mpaka Msikiti Mkuu, wala asiwe na haraka. Upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, wa karne ya 11 au ya 12: ukumbi mdogo uliokuwa na paa bapa. Apime kwa hatua nafasi baina ya nguzo na nguzo. Si kubwa, kwani paa la namna hiyo lilibebwa na boriti, na mti una urefu wake. Kisha aingie upande wa kusini, ulioongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ukaanguka, ukajengwa tena karne ya 15. Hapa boriti haina amri tena. Kuna kuba na matao ya mawe ya matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo.

Wanafunzi wetu wa bara wangali wakiambiwa kwamba mji huu ulishushwa merikebuni na Washirazi, ukiwa umekamilika. Tarikh ya Kilwa yasimulia jinsi Ali bin al-Hasan alivyokinunua kisiwa kwa nguo. Masimulizi hayo siyadharau, kwani wenyeji ndio walioyahifadhi. Lakini wachimbuzi, akiwamo Neville Chittick, walikuta chini ya mji wa mawe makazi ya tangu karne ya 9 hivi: nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, na dalili za kazi ya chuma. Msikiti haukuota mahali patupu. Mwalimu asemaye vinginevyo huwanyang'anya wenyeji mji wao.

Karibu na hapo upo msikiti mdogo wa kuba, wa karne ya 15, ambao baadhi ya kuba zake zingali zimesimama. Makutani nako ni jina lijielezalo kwa sarufi tu: penye makuta, kuta kubwakubwa. Jumba lililomo ni la karne ya 18, zama ambazo Sultani wa Kilwa alipatana na Mfaransa Morice, mwaka 1776, kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Hilo nalo lisirukwe darasani.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya jabali litazamalo bahari. Neno husuni ni la Kiarabu, maana yake ngome, lakini hili lilikuwa jumba la kifalme: vyumba zaidi ya 100, maghala, na birika la pembe nane. Husuni Ndogo iliyo jirani, yenye kuta nene na minara, ndiyo ifananayo na ngome. Mwenye jumba alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Utajiri wake ulitokana na dhahabu ya Sofala, na sarafu ya shaba yenye jina lake imepatikana Great Zimbabwe, bara kabisa.

Kutoka jumbani ngazi zashuka mpaka pwani. Mgeni akae hapo apumzike kabla ya kurudi Gerezani, mashua inakomngoja.